Jina Lako Limetoka Wapi? Namna ya Kulifuatilia kwa Mtu wa Moshi au Arusha

Nina stesheneri ndogo karibu na stendi ya mabasi Moshi. Kutwa nzima natoa kopi, najaza fomu za watu na kusoma majina yao. Msimu mmoja wa maombi ya mikopo ya vyuo alikuja mama wa Kibosho na kijana wake. Cheti cha kuzaliwa kinamwita baba Aikaeli. Cheti cha shule kinasema Haikaeli. Kitambulisho cha baba mwenyewe ni Aikael, bila i ya mwisho. Fomu ikagoma, tukabaki tunatazamana.

Kijana, simu mkononi, akasema, "Kwanza Aika ni jina la Kijapani. Niliangalia la dada kwenye intaneti. Eti wimbo wa mapenzi."

Mama akaacha kupekua pochi. "Mjapani gani alipanda Kibosho? Aika ni asante kwa Kichagga. Nilipoteza wawili kabla ya dada yako. Alipozaliwa baba yako akasema aika. Basi, ndiyo jina."

Intaneti haikumdanganya. Wasichana wanaoitwa Aika wapo Japani, na hiyo maana wanayo. Ila yule wa Kibosho ni mwingine. Tangu siku ile kila mteja anayeniuliza maana ya jina lake namweleza hatua hizi, na kwa kuwa nimechoka kuzirudia juu ya kelele za mashine, nimeziandika.

Hatua ya 1: Kusanya kila namna jina lilivyoandikwa

Usianze kwa kuuliza maana. Anza na karatasi: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, vyeti vya shule, kitambulisho cha Taifa, kadi ya kliniki kama mama bado anayo, kadi ya chama cha ushirika ya babu, hati ya ndoa. Nunua kaunta buku, andika kila tahajia kwenye mstari wake, na pembeni andika imetoka kwenye karatasi ipi na ya mwaka gani. Usisahihishe chochote. Tahajia mbovu nayo ni ushahidi, maana inaonyesha karani alisikia nini.

Huku kwetu majina yameharibika kwa njia zinazotabirika. Herufi zilizorudufiwa hudondoka: Massawe huwa Masawe, Pallangyo huwa Palangyo, Mollel huwa Molel. Y na i hubadilishana: Nkya na Nkia, Mlay na Mlai. H huongezwa au huondolewa, kama kwa baba wa Kibosho. Na jina la kigeni masikioni mwa karani husogezwa karibu na neno analolijua. Kaaya wa Meru akiandikwa Kaya amegeuzwa kuwa watu wa nyumba moja wanaohesabiwa kwenye sensa. Zile a mbili si pambo, zinatamkwa. Kadhalika n mbili za Nnko.

Mtu pia anaweza kuwa na majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Mangi (yaani mtawala wa Kichagga) Rindi wa Old Moshi, Wazungu wa karne ya 19 walimwandika Mandara. Ukimtafuta kwa jina moja tu utapata nusu ya habari zake. Babu yako hakuwa mangi, lakini inawezekana sana kwamba parokiani ni Bonifasi na mgombani hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Hatua ya 2: Fahamu jina la tatu ni la nani

Fomu zetu zinataka majina matatu: lako, la baba, na la tatu. Hili la tatu ndilo linalochanganya watu, kwa sababu kila jamii huliweka kwa mtindo wake.

Kwa Mchagga wa leo mara nyingi ni ukoo: Lyimo, Swai, Shirima, Mushi, Kimaro. Kwa Mmeru vilevile: Mbise, Pallangyo, Nnko, Kaaya, Sarakikya. Mpare atakupa Msuya, Mbwambo, Mshana au Msangi. Lakini kwa familia nyingi za Kiislamu za mjini, na kwa Wairaqw wengi wa Karatu, jina la tatu ni la babu tu, na kizazi kijacho litasogea au litapotea. Halafu kuna majina yaliyokuwa ya mtu mmoja mkubwa, wajukuu wakayabeba. Marealle alikuwa Mangi wa Marangu enzi za Wajerumani. Thomas Marealle, Mangi Mkuu wa Wachagga miaka ya 1950, alikuwa mjukuu wake.

Kipimo ninachokitumia ni rahisi. Uliza kama watoto wa ndugu wa babu yako nao wanalitumia jina hilo. Wakilitumia, una ukoo mkononi. Kama linaishia kwa baba zako wakubwa na wadogo, hilo ni jina la babu, na ukoo umejificha nyuma yake.

Sasa Waarusha na Wamasai, hapa nitakaa kidogo. Ukisimama stendi ya Arusha ukaita "Mollel!" utageuza shingo nyingi, na wengi wao hawajuani. Ukiita "Laizer!" ni hivyo hivyo. Sababu ni kwamba haya ni majina ya koo kubwa za Wamasai, koo zenye watu kuanzia Monduli na Longido hadi Kenya. Tena zimepangwa katika pande mbili: Odomongi, yaani ng'ombe wekundu, na Orok Kiteng, ng'ombe mweusi. Mollel yuko upande wa wekundu. Laizer na Lukumay wako upande wa mweusi. Laizer ndio ukoo wanamotoka pia waloiboni, viongozi wa kiroho wa Wamasai, wa Inkidongi. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi Mollel" amekutajia upande na ukoo, si nyumba. Swali linalofuata liwe tawi na boma: "Mollel wa wapi, wa nani?" Bila hilo utajikuta unachora mti wa familia wenye matawi ya watu wa Ngorongoro usiowahi kuwasikia.

Na lile "Ole" si jina. Maana yake ni "wa", mwana wa fulani. Nimeona kijana kaandikishwa jina la kwanza Ole, kana kwamba amebatizwa "Wa". Kama lipo kwenye karatasi zako, liandike pamoja na jina linalolifuata, lisibaki peke yake.

Hatua ya 3: Lipeleke jina mahali pake

Uchaggani ukoo una mteremko wake. Kavishe au Tarimo akija dukani, kabla hajasema kitu nafikiria Rombo. Nkya na Munisi nafikiria Machame. Lyimo, Marangu. Sikosei sana, ingawa nimeshakosea vya kutosha kujua kwamba watu huhama, hukaa ukweni na kununua mashamba Kahe na Kilombero. Unachotafuta ni kihamba cha mwanzo: mgomba ambao makaburi ya familia yako chini yake. Andika jina la kitongoji, si la wilaya tu. "Moshi Vijijini" haikusaidii kitu.

Angalia majina yaliyovuka mipaka. Urio yuko Uchaggani na yuko Umeruni, na si ajabu, maana Kimeru na Kimachame ni lugha ndugu. Njau yuko Moshi na yuko Kenya kwa Wakikuyu, ambao kwao njau ni ndama. Kufanana huko kukufanye uulize zaidi, kusikufanye uhitimishe.

Hatua ya 4: Soma jina la kwanza kwa tabaka

Hapa ndipo watu wanapokimbilia orodha za intaneti, na ndipo zinapowapoteza. Majina ya kaskazini yamejengwa kwa lugha mbili tatu kwa mpigo.

Chukua yale yanayoanza na Eli. Eli ni Kiebrania, "Mungu wangu". Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipoingia Machame mwaka 1893, na baadaye Biblia ilipozoeleka midomoni, watu wa mlimani, wa Meru na wa Upare walichukua kichwa hicho wakakipa miili yao wenyewe: Elibariki, Elifuraha, Eliamani, Elisante. Elinami ni Mungu yu nami, binamu wa Emanueli kabisa. Mkia nao upo: Aikaeli ni aika pamoja na el, shukrani kwa Mungu. Orodha ya majina ya Kiebrania haina Elisante, na kamusi ya Kiswahili haina Aikaeli. Sharti uligawe jina vipande, kila kipande ukipeleke kwenye lugha yake.

Waliokuja na majina ya Kiingereza walifanya kitu hicho hicho. Watu wa mikoa mingine hucheka wakisikia Godlisten. Mimi sicheki. Ismaili kwa Kiebrania ni "Mungu husikia", kwa hiyo Godlisten ni Ismaili aliyesomea shule ya Kiingereza. Goodluck, Gladness, Happiness, Witness: kila moja lina sala nyuma yake, na mara nyingi bibi wa mtoto atakwambia kwa Kichagga ni sala ipi.

Upande wa Wakatoliki, Kibosho, Kilema, Rombo, utakuta watakatifu ambao huko Ulaya wenyewe wamewasahau: Polikarpi, Remigi, Dismas, Aloyce. Mtoto alipewa mtakatifu wa siku yake, au jina la msimamizi wa ubatizo. Ikiwa ni la siku, una zawadi, kwa sababu babu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa anaweza kuwa ameibeba kwenye jina. Aloyce ni 21 Juni. Silvesta ni 31 Desemba. Lakini tumia kalenda ya zamani, kwani mwaka 1969 Kanisa lilihamisha sikukuu nyingi. Polikarpi leo ni 23 Februari. Babu aliyezaliwa kabla ya hapo alimpata 26 Januari.

Kwa Waislamu kuna hesabu inayofanana nayo. Ramadhani, Shabani, Rajabu ni miezi. Juma na Hamisi ni siku. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11, kwa hiyo mwezi huo hurudi nyuma kila mwaka. Ramadhani ya mwaka 1950 iliangukia Juni na Julai. Ya 1960 ilianza mwisho wa Februari ikamaliza Machi. Mzee akijua mwaka tu, jina litakupa mwezi.

Kimasai ni chepesi zaidi kwa anayeanza. Majina mengi ya wasichana yana Na- mbele: Naserian ni wa amani, Namelok mtamu, Nasieku aliyewahi kuja. Ya wavulana mengi huanza na Le- au Lo-, kama Lemayian, wa baraka. Ukijua hilo huwezi kumwandika Naserian kuwa "Bw."

Hatua ya 5: Nenda kwa wazee, na uende vizuri

Mara ya kwanza niliikosea hatua hii vibaya. Nilimfuata babu yangu siku ya msiba, nimepanga maswali kwenye simu, nikamuuliza mbele ya watu, "Babu, baba wa babu yako aliitwa nani?" Akanitazama kwa muda. "Unataka kugawa kihamba?" akasema. Hakuongea tena nami hadi jioni. Mlimani, mtu anayeuliza ukoo ghafla huwa ana mgogoro wa shamba. Anza kwa kumtoa mzee hofu hiyo.

Nenda Desemba, kila mtu akiwa amepanda nyumbani, ili mzee akikosea ndugu yake amsahihishe. Ubishi wao ndio utakaokupa habari nyingi. Usiende mikono mitupu: sukari na majani ya chai kwa bibi, na kama wazee wa kiume wamekaa, mbege, pombe yetu ya ndizi. Kaa kwanza. Salimia kila mtu. Swali lije lenyewe.

Na usiulize "maana yake nini?" Uliza, "Mimi nimepewa jina la nani?" Kwa desturi ya Wachagga walio wengi, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana hivyo hivyo kwa bibi. Wengi tunaliita jina la nyumbani, na mara nyingi halimo kwenye cheti chochote. Ukilipata umepata njia ya kupanda juu, kwa sababu jina linaruka kizazi. Kama baba yako ni kifungua mimba na jina lake la nyumbani unalijua, babu yake mzaa baba huenda alikuwa nalo hilo hilo. Panda hatua mbili mbili hivyo mpaka mzee aseme hakumbuki.

Nilipomrudia babu Krismasi iliyofuata, na kilo mbili za sukari, aliniambia nimepewa jina la ndugu yake aliyekwenda kukata mkonge Tanga akapotelea huko. Sikuwahi kusikia kama alikuwa na ndugu. Shangazi yangu, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, naye hakuwahi kusikia.

Omba ruhusa, kisha rekodi sauti kwenye simu. Kalamu haiwezi kuandika Kimachame jinsi bibi anavyokitamka, na wewe utasahau kabla ya kufika barabara ya lami.

Hatua ya 6: Vitabu vya kanisa, na wasifu wa marehemu

Parokia na sharika za zamani zina vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Kilema Wakatoliki walianza mwaka 1890, kwa hiyo kwa baadhi ya koo unaweza kwenda nyuma vizazi vinne au vitano. Mwone katibu wa parokia siku isiyo ya Jumapili. Beba mwaka wa kukisia, majina yote ya kwenye kaunta buku lako, na sadaka ya shukrani. Usiombe kupekua mwenyewe. Mwombe akutafutie fulani. Kumbuka kumtafuta babu chini ya jina la ubatizo, na uangalie safu ya wazazi, maana mara nyingi baba yake hakuwa amebatizwa na jina lake la asili limeandikwa hapo likiwa zima.

Chanzo kingine hakipewi heshima inayostahili. Ni wasifu wa marehemu unaosomwa kabla ya kuzika. Wazazi, ndugu kwa mpangilio wa kuzaliwa, walioolewa wapi, wajukuu wangapi: vyote vinasomwa mbele ya watu wanaoweza kupinga. Mimi huchapa wasifu hizo usiku wa kuamkia mazishi, na nimeona familia ikirekebisha jina moja mara tatu hadi shangazi mkubwa atikise kichwa kukubali. Omba nakala. Zikifika tano za ukoo mmoja, utashangaa ulivyokuwa hujui kwenu.

Hatua ya 7: Tilia shaka maana tamu

Jina la Kichagga au la Kimasai lisomwe kwa lugha yake. Mushi si moshi wa jikoni. Lema hana uhusiano na kulemaa, ingawa shuleni alitaniwa hivyo. Ukipata maana, iulize kwa wazee wawili wasiokaa nyumba moja. Wakitofautiana, andika zote mbili na nani kasema. Mtu akikwambia ukoo wako maana yake ni "mashujaa", muulize ni neno gani la lugha ipi. Akishindwa, usiandike.

Hatua ya 8: Karatasi

Kama majina yanatofautiana kwa herufi tu, hati ya kiapo kwa wakili, inayosema kwamba majina haya ni ya mtu mmoja, humaliza mengi. Kabla hujalipa, uliza ofisi unakopeleka inakubali kiapo au inataka cheti chenyewe kirekebishwe. Kulibadili jina kabisa ni kazi nyingine, yenye dipoli, hati ya kubadili jina, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kwa mtoto mchanga, kizazi kiandikishwe RITA ndani ya siku 90. Baada ya hapo unaingia usajili wa kuchelewa na safari za viambatisho. Siku ya kuandikisha, mpe karani jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Usimtamkie.

Yule mama wa Kibosho na kijana wake walichagua Aikaeli, kama kwenye cheti cha kuzaliwa, wakala kiapo, fomu ikapita. Mama alirudi siku nyingine kulaminisha. Kabla sijapitisha kwenye mashine akaniomba niandike neno moja kwa penseli nyuma ya kopi: asante. "Huyu akija kuoa mbali," akasema, "watoto wake wasije wakaniambia Japani."

Kopi ya kaunta buku lako ukishaikamilisha, iache kwa ndugu anayekaa kihambani. Ya kwenye simu itapotea kwenye daladala.